Kamera ya joto kwenye nyumba za huku Mtwara: ipige saa ngapi, na usitindue ukuta haraka

Jamani hii kamera ya joto ya kuchomeka kwenye simu watu wanadhani inaona maji ndani ya ukuta. Haioni. Inasoma joto la pale juu tu, ile rangi unayoigusa kwa kiganja, hata kioo cha dirisha haipenyi. Hilo ndo la kushika kabla ya yote maana kuta zinatinduliwa bure na inauma sana kuona mtu kamwaga hela ya simenti mara mbili.

Kuna nyumba niliitwa Shangani, ukuta wa chumbani una doa la bluu kwenye picha (bluu ni baridi, nyekundu ni moto), upana kama sinia, fundi keshashika tindo mkononi. Nikamwambia kaka subiri kwanza. Tukazima AC, tukakaa kama saa nzima tunapiga stori, nikapiga tena picha, doa hamna. Ulikuwa upepo wa AC unapuliza palepale. Maji yangekuwepo kweli doa lingebaki.

Sasa muda wa kupiga. Wenzetu wa nchi za baridi wanawasha hita ndani huku nje barafu, ile tofauti ya digrii 10 kati ya ndani na nje inayofanya madoa yaonekane wanaipata bila jasho. Sisi usiku ndani na nje vinakaribiana mno, kwahiyo inabidi ulitumie jua. Dari inayovuja ikague siku jua limetoka baada ya mvua, kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 8 mchana hivi, bati likishachemka silingi bodi nayo inapata moto, ila pale palipolowa panachelewa kwa sababu maji yanameza joto jingi kabla hayajapanda, basi unakiona kisiwa cha bluu katikati ya wekundu. Bati lenyewe usilielekezee kamera, likiwa linang'aa ni kama kioo, unasoma joto la mbinguni halafu unadhani ni la bati.

Kuta za ndani ni habari nyingine. Ukuta uliolowa unapoa kwa sababu maji yanakauka juu yake, kama jasho mwilini, ila masika hewa ya huku nzito, haikaushi kitu, unaweza kupiga picha ukuta umelowa chapachapa na usione chochote. Chukua feni iegemeze iupulize ukuta nusu saa, halafu piga huku bado inapuliza. Palipo pakavu hapabadiliki sana, penye maji panashuka. Hii mbinu mi naipenda kuliko zote. Kuta za nje piga alfajiri kabla jua halijagusa na upepo wa bahari haujaamka, upepo unafuta tofauti zote.

Kwenye mipangilio weka emisiviti, yani kiasi uso unavyotoa joto lake wenyewe, iwe 0.95, inatosha kwa rangi ya kawaida, plasta na tofali. Halafu funga skeli, ile inayopanga rangi ipi ni digrii ngapi, usiiache ijipange yenyewe, ikijipanga tofauti ya nusu digrii inatokea kama moto na barafu, na mwenye nyumba anaingiwa na hofu bure.

Kisha soma umbo la doa. Mkanda uliolala chini ukuta mzima mara nyingi ni maji yanayopanda kutoka kwenye msingi, doa lililoanzia sehemu moja likatanuka mara nyingi ni bomba, mchirizi unaoshuka wima angalia juu kuna nini, labda AC au paa. Ukishuku bomba funga koki zote ndani uangalie mita ya maji, ikitembea basi kuna pahala panavuja. Mita ya unyevu ya sindano nayo inasaidia ila nyumba za zamani za Mikindani zile za mawe ya matumbawe zina chumvi ukutani, na chumvi inaidanganya, inapandisha namba hata ukuta ukiwa mkavu. Pima chini, pima juu, linganisha na ukuta mwingine ndo useme.

Kamera hii inaonyesha pia viungo vya umeme vinavyopata moto, ila umeme msijaribu kama si fundi umeme, sanduku la breka likifunguliwa ndani kuna umeme hai. Kwa fundi: washa mzigo kwanza, friji, pasi, AC, acha nusu saa, kisha linganisha viungo vinavyobeba mzigo unaofanana. Shaba inayong'aa inasomeka baridi kuliko ilivyo, kwahiyo angalia plastiki ya waya pembeni yake, au zima umeme ubandike kipande cha tepu nyeusi ndo uwashe upime hapo kwenye tepu. Kiungo kilicholegea mzigo ukiongezeka mara mbili joto linalozalishwa linaongezeka mara nne, yani kile kilichoonekana vuguvugu mchana mkiwa na friji tu, usiku AC zikiwashwa zote ndo kinayeyusha waya. Ukikuta hivyo zima meni ukaze siku hiyohiyo.