Filamu ya negativu ya rangi: kuichagua, kuipigia picha na kusoma makosa yake

Kabla ya kununua hata mkanda mmoja, jua tabia hii ya filamu ya negativu ya rangi (ile ambayo picha yake hutokea kinyume, kisha hugeuzwa kwa kuchapwa au kuskaniwa): inastahimili mwanga mwingi, haistahimili mwanga haba. Ukiizidishia mwanga stopu mbili, picha bado itatoka vizuri. Ukiipunja stopu mbili, vivuli hugeuka tope la kijivu, chembechembe hujaa, rangi huyumba, na hakuna skana itakayorudisha kitu ambacho filamu haikukipata. (Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, au kuupunguza nusu.) Kwenye kamera ya dijitali mambo huenda kinyume, kwa kuwa kinachopotea kwanza ni sehemu nyeupe. Ndiyo maana waliozoea dijitali huja kwenye filamu na mazoea ya kupunja, na picha za mkanda wa kwanza huwatokea nyeusi nyeusi.

Filamu ipi kwa mwanga upi

Kwa jua la mchana, ISO 200 inatosha. (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga: namba ikipanda, mwanga unaohitajika hupungua.) Kodak Gold 200 ina rangi za uvuguvugu na inasamehe makosa mengi. ColorPlus 200 huwa nafuu zaidi na inafaa kujifunzia. Kivulini, jioni au ndani ya nyumba karibu na dirisha, chukua ISO 400: UltraMax 400, au Portra 400 kama kazi ni ya watu na mfuko unaruhusu. Portra, ya 160, 400 au 800, imetengenezwa kwa ajili ya ngozi. Inapita taratibu kutoka kwenye mwanga hadi kwenye kivuli, bila ukali. Ektar 100 ina chembe ndogo sana na rangi kali. Nzuri kwa mandhari, majengo na kanga, lakini kati ya hizi ndiyo yenye uvumilivu mdogo zaidi. Ukiipunja, vivuli vinaingia bluu.

Usinunue ISO 800 kwa ajili ya ufukweni saa sita mchana. Kamera nyingi za zamani zinaishia spidi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie) ya 1/500 au 1/1000 ya sekunde, na kwa ISO 800 kwenye jua kali utalazimika kufunga tundu la lenzi hadi f/16 au f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) bila nafasi ya kuchagua kitu kingine.

Filamu za kawaida zimepangiwa mwanga wa jua. Chini ya balbu za zamani za waya picha hutoka za njano iliyokolea. Kichujio cha 80A kinarekebisha, ila kinakula stopu mbili. Tyubulaiti nazo huleta ukijani. CineStill 800T imepangiwa mwanga wa balbu, na mduara mwekundu unaouona kuzunguka taa kwenye picha zake ni matokeo ya kuondolewa kwa tabaka linalozuia mwanga kurudi ndani ya filamu. Wapo wanaoupenda mduara huo. Kwenye picha za harusi unachosha upesi.

Soma kasha. Filamu ya negativu ya rangi husafishwa kwa C-41, utaratibu uliotolewa na Kodak mwaka 1972 na unaotumika hadi leo. Iliyoandikwa E-6 ni ya slaidi (picha hutokea sawa sawa kwenye filamu yenyewe), nayo haina msamaha huu. Ukiuziwa vipande vya filamu ya sinema vilivyokatwa na kuingizwa kwenye makopo, uliza kama vina remjeti, lile tabaka jeusi la mgongoni. Zenye remjeti usizipeleke studio ya C-41: tabaka hubanduka ndani ya mashine, likachafua dawa na kuharibu filamu za wateja wengine.

Filamu iliyopitwa na muda iongezee stopu moja kwa kila miaka 10, kama ilitunzwa mahali pa baridi. Iliyokaa miaka kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua iache hapo hapo.

Kuipakia

Hapa ndipo mikanda mingi inapopotea nzima. Vuta juu kitasa cha kurudishia filamu, mlango wa nyuma ufunguke. Ingiza kikopo, rudisha kitasa chini, vuta ulimi wa filamu hadi upande wa pili na uuchomeke kwenye mpasuo wa rola. Zungusha wenzo wa kusogeza filamu mpaka meno yashike vitundu vya juu na vya chini, vyote viwili. Kushika upande mmoja tu hakutoshi. Filamu itateleza ukishafunga.

Funga mlango, kisha zungusha kitasa cha kurudishia polepole kufuata mshale hadi kikaze. Sasa piga na kuvuta wenzo mara mbili huku ukikitazama kitasa hicho. Kikizunguka kinyume kila unapovuta, filamu inatembea. Kisipozunguka, fungua uanze upya, hata kama kihesabio kinapanda, maana kwenye kamera nyingi kihesabio hupanda hata bila filamu.

Kupima mwanga

Kwa filamu ya ISO 200, weka kamera kwenye 100. Kwa ISO 400, weka 200. Hiyo ni stopu moja ya ziada kwenye kila picha, bila kukokotoa chochote. Studio usiwaambie habari ya 100. Waache wasafishe kama kawaida, la sivyo watapunguza muda wa dawa na kuifuta faida uliyoitafuta. Kamera inayosoma msimbo wa DX kwenye kikopo (alama zinazoiambia kamera ISO ya filamu) na haina pa kubadilisha ISO, tumia kitufe cha +1, cha kuongeza stopu moja, kama kipo.

Kipimamwanga kikiwa kimekufa, jua kali lenye vivuli vyenye kingo kali hupimwa f/16 kwa spidi inayolingana na ISO. Kwa Gold 200 hiyo ni 1/250 na f/16. Ipe stopu yake ya ziada, iwe f/11. Mawingu mepesi, f/5.6. Mawingu mazito au kivuli cha ukuta, f/4.

Kipimamwanga hudhani kila kitu ni cha kijivu. Mweke mtu mbele ya mchanga mweupe wa ufukwe wa Paje, Zanzibar, nacho kitapimia mchanga, kitafunga mwanga, na uso utatoka mweusi usiosomeka. Sogea mpaka uso wake ujaze kioo, soma kipimo, rudi nyuma na upige kwa kipimo hicho hicho. Kwa ngozi nyeusi kipimamwanga kitataka kuing'arisha hadi ifanane na kijivu, yaani kitatoa mwanga zaidi ya unaohitajika. Kwenye negativu hiyo haina madhara, na kama uliweka 100 kwa filamu ya 200 huna haja ya kuongeza tena. Kanzu nyeupe au shela ikijaza fremu, mambo hugeuka: ongeza stopu moja na nusu juu ya kipimo. Weupe hautaungua. Mikunjo ya kitambaa itabaki, na uso utaonekana.

Angalia na betri. Kamera za zamani kama Canonet QL17 GIII zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukitia ya alkali ya volti 1.5, kipimamwanga hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, kikakupunja mkanda mzima. Betri za zinki-hewa za volti 1.4, zile za vifaa vya kusaidia kusikia, zinakaribia zaidi. Hudumu muda mfupi tu baada ya kubanduliwa stika yake.

Joto na viwanja vya ndege

Filamu ambayo haijatumika iweke kwenye friji, ndani ya kopo lililofungwa barabara. Ukiitoa, iache kwenye kopo saa mbili kabla ya kufungua. Pwani kuna unyevu, na filamu ya baridi ikifunguliwa hapo hapo hutoa jasho. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Iliyokwisha kupigwa isafishwe mapema.

Safarini, ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, za kukagua mizigo kwa eksirei, huiharibu filamu ya ISO yoyote, na za mizigo inayopakiwa chini ya ndege ni kali pia.

Kusafisha

Studio yenye wateja wachache wa filamu ni hatari kuliko dawa ya bei rahisi, kwa sababu dawa za C-41 huzeeka zikikaa bila kazi. Omba uone negativu walizosafisha wiki hiyo. Ukisafisha mwenyewe, divelopa (dawa ya kwanza, inayotokeza picha) iwe nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15, na hapo hakuna mzaha: nyuzi moja pungufu na rangi zinaanza kuyumba. Weka chupa na tangi ndani ya beseni la maji ya nyuzi 38 kabla ya kuanza, na ulirudishie joto kila linapopungua. Dawa zinazofuata hazina ukali huo. Fuata karatasi ya pakiti.

Kusoma negativu

Iweke mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma. Tazama kwanza maandishi ya pembeni, jina la filamu na namba za fremu, kwa sababu hayo yalichapwa kiwandani na husafishwa pamoja na picha zako. Maandishi yakiwa wazi na fremu hazipo kabisa, filamu haikutembea ndani ya kamera au shata haikufunguka. Maandishi yakiwa hafifu, dawa ilikuwa dhaifu au baridi, dai studio. Maandishi yakiwa sawa na fremu nyepesi, karibu rangi ya chungwa tupu, ulipunja mwanga.

Michirizi ya rangi ya chungwa au nyekundu kwenye picha iliyochapwa ni mwanga ulioingia kwa mlango wa nyuma: tabaka linalohisi nyekundu ndilo lililo karibu zaidi na mgongo wa filamu, hivyo ndilo linaloungua kwanza. Futa sponji iliyooza kwenye mifereji ya mlango kwa spiriti na kijiti cha pamba, kisha bandika mpya.