Slagi kama kokoto za barabara: anza na kuvimba, ugumu baadaye

Mafundi wengi wakiletewa slagi (mabaki ya kuyeyusha chuma; wazee wa uhunzi waliyaita mavi ya chuma) hukimbilia kupima ugumu. Mimi ugumu nauacha mwishoni. Slagi ya feleji hufaulu hapo karibu kila mara, na ndiyo maana inadanganya watu.

1. Ulizia ilikotoka. Slagi ya tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma na ile ya kutengenezea feleji hazifanani tabia. Hii ya pili hubaki na chokaa huru (isiyoungana na madini mengine) na oksidi ya magnesi. Chokaa huru ikinywa maji, ujazo wake unakaribia kuwa maradufu. Magnesi nayo ni mvivu: inaweza kukaa miaka kimya, kisha ikainua lami.

2. Chukua sampuli ndani ya rundo. Uso wa rundo umeshanyeshewa, umekomaa, utakupa majibu matamu ya uongo. Chimba sehemu kadhaa, changanya, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, rudia hadi upate kiasi unachotaka.

3. Pima kuvimba. Nafuata ASTM D4792, kiwango cha Marekani cha kupima kuvimba kwa kokoto. Shindilia sampuli katika kalibu za CBR (kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo), weka uzito juu, funga geji ya kusoma kuvimba, zamisha katika maji ya nyuzi 70 za Selsiasi kwa siku 7 na uandike usomaji kila siku. Kikomo cha kuvimba katika ASTM D2940, kiwango cha kokoto za tabaka za barabara, ni asilimia 0.5. Kwa sampuli yenye kimo cha milimita 116, hiyo haifiki hata milimita 0.6, kwa hiyo geji iliyolegea inatosha kukuharibia kazi yote.

Angalia mwendo wa namba, usiangalie ya mwisho tu. Siku ya 7 ikifika na mstari bado unapanda, mimi siipitishi hata kama iko chini ya kikomo. Naiacha majini iendelee. Na funika beseni! Niliwahi kurudi Jumatatu nikakuta maji yameshuka chini ya kalibu na geji imetulia tuli. Nilifurahi kwa dakika tano, halafu nikaanza upya.

Kwa ajili ya magnesi kuna kipimo cha mvuke cha EN 1744-1 (kiwango cha Ulaya): saa 24 kama oksidi ya magnesi haizidi asilimia 5, saa 168 ikizidi.

4. Ikivimba, ikomaze. Ivunje iwe saizi ya matumizi, iloweshe na kuigeuza kwa miezi kadhaa, kisha rudi hatua ya 2.

5. Sasa ugumu na uzito. Ngoma ya Los Angeles (huzungusha kokoto pamoja na mipira ya chuma kuona zinasagika kiasi gani): mizunguko 500, chekeche la milimita 1.7, basi. Uzito ndio wa kukaa nao. Slagi ya feleji huwa na uzito mahususi (ukilinganisha na maji) wa takriban 3.2 hadi 3.6, mawe ya kawaida 2.6 au 2.7. Ukiichanganya na mchanga wa kawaida kwa kilo, hesabu ya ujazo inapinda: kokoto zitapungua, mchanga utazidi. Geuza kilo kuwa ujazo kwanza.

6. Pima maji yanayotoka. Loweka, chuja, pima pH (inaweza kupita 11), kisha peleka maabara ya kemia yapimwe metali za kromi na vanadi. Slagi isiyofungwa na lami usiiweke jirani na kisima, wala juu ya mabomba ya kutolea maji: chokaa inayochuruzika hukutana na hewa, ikaganda kuwa ukoko mweupe, na bomba likaziba.