Ukisikia sheria mpya ya kuwafunga mashoga: namna ya kuipima na kuikabili

Hapa Lubumbashi, Kongo, habari hizi hutufikia kwa sauti ya WhatsApp. Mtu anafoka kwamba Kinshasa imeshapitisha sheria, mashoga wote sasa ni Kasapa, gereza letu. Nawafundisha vijana wa mtaa wa Katuba wanaowasaidia watu waliokamatwa, na kwanza nawaambia waulize: sheria namba ngapi, ya tarehe gani, imetiwa sahihi na nani? Sheria ya kwetu hupita Bungeni na Seneti, Rais huitangaza, ikachapishwa katika Journal officiel, gazeti la serikali. Mswada wa kuwaadhibu mashoga wa mwaka 2013 ulizua kelele nyingi, lakini haukuwa sheria. Kinachotumiwa kuwakamata watu ni kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu, kinachohusu kuvunja maadili hadharani.

Kisha tazama sheria inatoka wapi. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa uko Zambia, na mapenzi ya jinsia moja, yasiyotajwa kuwa kosa katika kanuni yetu, yanakupa huko kuanzia miaka 15 hadi kifungo cha maisha. Kosa hilo waliachiwa na Waingereza, ingawa adhabu waliikaza wenyewe mwaka 2005. Sisi tuliachiwa kanuni ya Wabelgiji, yenye asili yake Ufaransa, ambako kosa hilo lilifutwa mwaka 1791. Mwanasiasa akisema analinda mila za mababu kwa kifungu kilichoandikwa na mkoloni, mwambie hivyo, kwa adabu, mbele ya watu.

Uliza pia nani anafaidika na ugomvi. Novemba 2019 mahakama ya Lusaka iliwahukumu wanaume wawili miaka 15 kila mmoja kwa kosa hilo. Balozi wa Marekani, Daniel Foote, alilaani hukumu hiyo hadharani, na humo humo akagusia wizi wa fedha za umma. Rais Lungu alikasirika, na Desemba Marekani ikamwondoa balozi wake. Kuanzia hapo mjadala ulikuwa heshima ya Zambia mbele ya wageni. Swali la fedha likafifia, na wale wawili wakabaki gerezani mpaka msamaha wa rais wa Mei 2020. Kesi hii naifundisha kuliko nyingine zote, maana inaonyesha jinsi watu wasio na sauti wanavyogeuzwa kuwa ngao ya wakubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumwomba balozi au shirika la Ulaya lipige kelele, waulize kwanza walioko gerezani. Mwaka 2011 Uingereza ilipotishia kukata misaada kwa nchi zinazowaonea mashoga, wanaharakati wa Afrika wenyewe waliandika tamko la kupinga: dawa ikikosekana hospitalini, mashoga ndio watakaolaumiwa, na wao pia ni wagonjwa wa hospitali hiyo. Mimi naungana nao.

Njia ya mahakama ni ndefu, ila mara nyingine inafungua mlango. Uganda, Agosti 2014, Mahakama ya Katiba ilifuta sheria nzima dhidi ya mashoga kwa sababu wabunge waliokuwa ukumbini hawakutimia idadi. Sheria ilirudi mwaka 2023, kali zaidi, hata na adhabu ya kifo. Aprili 2024 majaji waliondoa vifungu vichache tu, kikiwemo cha kumlazimisha mtu kumshtaki jirani yake.

Usisambaze jina wala picha ya mtu, hata kwa kumhurumia. Gazeti moja la Kampala lilichapisha picha za watu lililowaita mashoga mwaka 2010. David Kato, mwanaharakati aliyekuwa mmoja wao, alishinda kesi dhidi ya gazeti hilo, na Januari 2011 akauawa nyumbani kwake.

Na mwenzako akikamatwa leo usiku, shika kifungu cha 18 cha Katiba. Lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na familia na wakili wake, na asizidishe saa 48 kabla ya kufikishwa kwa mamlaka ya sheria. Andika saa aliyochukuliwa. Mwambie asitie sahihi kwenye PV, yaani maelezo yaliyoandikwa na polisi, ambayo hajasomewa.