Kumfundisha mzungumzaji wa Kireno kitenzi "attend"

Nafundisha Kiingereza Mtwara, na wanafunzi wangu wengi wametoka Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Shuleni walisoma kwa Kireno, nyumbani ni Kimakonde au Kimwani, na Kiswahili wanakielewa vizuri. Wanachotafuta ni Kiingereza cha ofisini: barua ya kuomba kazi, barua pepe kwa bosi, muhtasari wa kikao. Humo "attend" hakikosekani, na kinawasumbua kuliko maneno marefu.

Kireno kina "atender", kinachofanana nacho kwa sura, ila kazi yake ni kupokea simu au kumhudumia mteja. Kuhudhuria mkutano ni "assistir", nacho kinawavuta kwenye "assist", yaani kusaidia. Ndiyo maana mtu huandika "I assisted the meeting" akitaka kusema alikuwepo, na bosi akabaki kujiuliza alisaidia nini.

Mwambie aweke Kireno kando, ashike "kuhudhuria". Nilihudhuria mkutano: "I attended the meeting". Kama kwenye Kiswahili, kitenzi kinafuatwa na mkutano wenyewe, hakuna kijineno katikati. Kireno kinadai "a" baada ya "assistir", kwa hiyo mkono utaandika "attend to the meeting" bila kufikiri. Hiyo "to" ifutwe kila inapotokea, hata kwenye daftari la mazoezi, maana ikizoeleka haitoki.

"To" ikibaki, maana inahama: "attend to" ni kushughulikia. "The nurse attended to the patient", muuguzi alimhudumia mgonjwa. "I will attend to your complaint", nitalishughulikia lalamiko lako. Hapo "atender" inakaribia kabisa, na wanafunzi hufurahi kuiona. Simu tu ndiyo haimo: simu ni "answer the phone".

Mechi ukiitazama kwenye televisheni ni "watch", ingawa Kireno kinatumia "assistir" hapo pia. Na kwa rafiki, "I went to the wedding" inatosha; "attend" ina uzito wa kiofisi.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni barua ya udhuru. Kila mtu aandike "I regret that I am unable to attend the meeting on Friday", kisha aongeze sababu yake ya kweli: mtoto mgonjwa, foleni ya uhamiaji, kivuko kuchelewa. Wakishasoma kwa sauti, sikiliza "attended" kwa makini. Ni silabi tatu, na ile ya mwisho, "ded", isikike.

Kwenye wasifu wa kazi, kagua mstari wa shule kabla ya mingine yote. Kireno kinasema "frequentar", na wengi huandika "I frequented secondary school in Pemba" (Pemba ya Msumbiji, si kisiwa), kana kwamba shule ilikuwa baa waliyoizoea. Andika "I attended secondary school in Pemba", kisha miaka.