Kuuza Boti Kuukuu ya Mbao Inayohitaji Matengenezo Makubwa: Mwongozo kwa Mwenye Chombo

Boti ya anasa ya mbao ya miaka ya 1950 au 1960, yenye kibanda cha msaji na injini ya dizeli chini ya sakafu, ambayo imelala kwenye boya lake katika hori ya Mtwapa au ya Kilifi kwa misimu kadhaa bila kutoka nje ya mwamba, haiuzwi kama gari kuukuu. Anayeinunua ananunua kazi ya seremala ya miezi mingi, pengine ya miaka, na anajua hivyo kabla hajakupigia simu. Wanaoitamani boti ya namna hii ni wengi, lakini wanaoiweza ni wachache, na kazi yako ni kumpa mmoja wao habari za kutosha ili apige hesabu mwenyewe na bado aitake. Ubovu uliopimwa huuzika kwa bei fulani. Ubovu unaoshukiwa tu hauna bei, kwa sababu mnunuzi huukisia mara mbili ya ulivyo, kisha hurudi kwao.

Anza na karatasi kabla ya kushika kamera. Boti hizi zimepita mikono mingi, nyingine zimebadilishwa jina mara mbili tatu, na mara nyingi aliye nayo leo ana risiti iliyoandikwa kwa mkono na ufunguo wa mlango tu. Kama chombo kimesajiliwa Kenya, msajili yuko chini ya Mamlaka ya Bahari, KMA, mjini Mombasa. Tanzania Bara shughuli hiyo iko TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli, na Zanzibar iko kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kama bado kinapeperusha bendera ya Uingereza, angalia kimeandikwa sehemu gani ya rejesta yao. Sehemu ya Kwanza huthibitisha umiliki na huandika rehani, na umiliki wake hugawanywa katika hisa 64, kwa hiyo iwapo marehemu aliwaachia watoto watatu hisa hizo, saini za wote watatu zitahitajika. Sehemu ya Tatu, ambayo ni ya vyombo vidogo, haithibitishi umiliki hata kidogo, ingawa nimewaona wauzaji wakiinua cheti chake juu kama hati ya shamba.

Lipo pia suala la forodha, ambalo wengi hulikumbuka siku ya mwisho. Boti iliyoingia nchini kwa kibali cha muda, kama chombo cha mgeni anayepita, haiwezi kuuzwa kwa mkazi hadi ushuru wake ushughulikiwe. Mweleze mnunuzi mapema, na mkubaliane ni nani atakayeulipa, kwa sababu fedha hizo zinaweza kuzidi bei ya boti yenyewe.

Ukiwa bado kwenye karatasi, tafuta nasaba ya chombo. Lloyd's Register ilichapisha rejesta ya boti za anasa kuanzia 1878 hadi 1980, na ndani yake hupatikana jina la mjenzi, mwaka, urefu, aina ya injini, majina ya zamani na wamiliki. Mlango wa kuingilia ni namba rasmi, ambayo kwa vyombo vilivyosajiliwa Kiingereza huchongwa kwenye boriti kuu inayobeba sitaha. Katika boti ya kwanza niliyosaidia kuiuza hatukuiona namba hiyo popote, hadi tulipokwangua rangi nyeupe, tabaka juu ya tabaka, na tarakimu zikajitokeza moja baada ya nyingine, zimechongwa kwa patasi kali na mkono usiotetemeka. Picha ya tarakimu zile ilivuta barua nyingi kuliko picha ya boti nzima. Wapenzi wa vyombo vya zamani hununua historia kwanza, na mbao baadaye.

Sasa ingia chomboni na bisibisi nyembamba, nyundo ndogo, tochi na daftari. Wengi hudhani bahari ndiyo inayoozesha boti, kumbe maji ya chumvi huuhifadhi ubao kwa kiasi fulani, na adui mkubwa ni maji ya mvua. Kuvu wanaokula mbao huanza kazi unyevu unapozidi takriban asilimia 20, na hupenda pembe zisizopata hewa ambamo maji matamu hutuama: chini ya madirisha ya kibanda, pale ukuta wa kibanda unapokutana na sitaha, kwenye vichwa vya boriti, na hasa ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, pale juu unapofunikwa. Gonga kwa nyundo ukisogea kidogo kidogo. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu, na uliooza hunyamaza kama mto uliojaa sufi. Usizibe unachokigundua. Kizungushie alama ya chaki, kipige picha pamoja na rula, kisha kiandike daftarini.

Chini ya mstari wa maji mambo ni mengine. Huko yupo mnyoo wa baharini, ambaye huingia ubaoni akiwa mchanga kupitia tundu lisilozidi kichwa cha pini, halafu hukua na kuchimba njia pana kama kidole, zenye ngozi nyeupe ya chokaa, huku uso wa ubao ukibaki laini na wa kupendeza. Kinga yake ni rangi yenye shaba, na chombo kilichokosa rangi hiyo kwa misimu miwili katika maji yetu ya joto kinapaswa kushukiwa. Ili kuona, ngoja maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, pweleza boti kwenye mchanga mgumu, itie gadi, yaani nguzo za kuiegemeza, pande zote mbili, nawe utakuwa na saa chache za kukwangua na kuchunguza kabla maji hayajajaa. Usishawishike kuiacha nchi kavu miezi mitatu ikisubiri wateja. Jua la pwani hukausha mbao, viungo hufunguka hadi mchana unapenya, kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa kati ya mbao, hulegea, na mnunuzi akiirudisha majini itavuja kama tenga mpaka mbao zivimbe tena, kama zitavimba.

Misumari na skrubu ndizo zinazoamua bei kuliko mtu wa kawaida anavyodhani. Chagua sehemu tatu au nne, ondoa kizibo cha mbao, utoe skrubu moja moja. Skrubu ya bronzi ikitoka na rangi ya kahawia iliyoiva, ikiwa bado inakataa kupinda, ni habari njema. Ya brasi iliyokaa muda mrefu katika maji ya chumvi hupoteza zinki yake na kugeuka waridi, nayo hukatika mkononi kama chaki. Msumari wa chuma ulioshika kutu huupika ubao unaouzunguka hadi ukawa mweusi na laini, kiasi kwamba kubadilisha msumari peke yake hakusaidii. Zitie skrubu hizo katika mfuko wa plastiki, uandike kila moja ilitoka wapi. Mnunuzi anayejua mambo ataushika mfuko huo kabla ya kushika kikombe cha chai.

Kipimo kimoja ambacho hakigharimu chochote ni cha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo maji hukusanyika. Kila asubuhi kwa wiki mbili andika pampu imefanya kazi dakika ngapi tangu jana, kama mvua ilinyesha au la, na kama maji yaliyotoka yalikuwa ya chumvi au matamu, jambo ambalo ulimi utakwambia. Orodha ya namna hiyo, ikiwa na siku kumi na nne za ukweli, hujibu swali ambalo kila mnunuzi huuliza na kila muuzaji hulikwepa: chombo kinavuja kiasi gani, na kinavujia wapi.

Je, utengeneze kwanza ndipo uuze? Kwa maoni yangu, hapana, isipokuwa kwa mambo matatu. Tandika turubai juu ya sitaha yote, lakini uiinue pembeni ili hewa ipite, kwani turubai lililofungwa kabisa huozesha kuliko mvua. Safisha ngama mpaka mataruma, yaani mbavu za chombo, yaonekane, maana hakuna mtu atakayeamini hali ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo, ukiwa umefunikwa na mafuta machafu. Halafu uwashe injini. Injini ya Gardner au Perkins inayowaka ikiwa baridi asubuhi, ikirekodiwa kwa video bila kukatwa tangu mlango wa chumba chake unapofunguliwa, inaweza kuwa nusu ya thamani ya boti nzima, kwa kuwa injini hizo bado zina watu wanaozitafuta hata kama mbao zilizozizunguka zimekwisha. Rangi mpya uiache. Boti iliyopakwa rangi wiki moja kabla ya tangazo humfanya mnunuzi ajiulize unaficha nini, na mara nyingi huwa anajiuliza kwa haki.

Bei ndipo urafiki huvunjika. Mwenye boti hutazama bei ya chombo kama hicho kilichokarabatiwa, hutoa kidogo kwa ajili ya “matengenezo madogo,” kisha hushangaa mwaka unapopita bila simu. Hesabu ya mnunuzi huenda kinyume. Tuseme chombo kizima cha aina yako huuzwa shilingi milioni 4 za Kenya, na matengenezo kamili ya chako yanahitaji milioni 5: hesabu imekwisha kuwa hasi, na hakuna kiasi cha mapenzi kitakachoigeuza. Kwa hiyo weka sakafu ya bei yako kwa vitu vinavyoweza kutolewa na kuuzwa kimoja kimoja, yaani injini, rafadha na shafti yake, madirisha ya duara ya shaba, winchi ya nanga, usukani, na mbao za msaji zilizo nzima, halafu ongeza juu yake kile ambacho nasaba ya boti inaweza kubeba. Ukipata mtu anayelipa zaidi ya sakafu hiyo na ana mahali pa kufanyia kazi, usimringie. Kila mwezi unaosubiri unalipa boya, mlinzi na betri za pampu, na boti inazidi kushuka.

Katika tangazo, andika urefu, upana, kina cha maji inachohitaji, mjenzi na mwaka, mbao za ubavu na za sitaha, aina ya skrubu, injini na saa zake, na mahali ilipo. Kisha andika ubovu wenyewe kwa lugha isiyopambwa: “Ubao wa tezi umeoza upande wa kulia kwa urefu wa sentimita 60, mataruma manne yamepasuka chini ya injini, sitaha inavuja juu ya kitanda cha mbele, mkuku ni mzima.” Sentensi kama hizi huwafukuza watalii wa macho na kumleta seremala. Pia eleza mafundi wanaopatikana, kwani jambo hili ni mtaji wa pwani yetu: Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja bado kuna watu wanaochonga taruma kwa tezo na kukalafati kwa pamba, na mvule, ambao viwanda vya boti vya Uingereza viliutumia sana badala ya msaji, ni mti wa kwetu. Hata hivyo usiahidi kupita kiasi. Fundi wa jahazi anaweza kubadilisha ubao wa kawaida wa ubavu, lakini boti iliyojengwa kwa tabaka mbili za mbao nyembamba zilizopishana mshazari ni kazi ya namna nyingine, na kuijaribu bila kuijua ni kuiharibu.

Wakati mzuri wa kuonyesha ni kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na wageni wako pwani.

Akitokea mnunuzi, mwachie apande peke yake na tochi yake kwa saa nzima. Akiridhika, chukua arubuni, ambayo desturi ya biashara hii huiweka asilimia 10, ikae kwa wakili na si mfukoni mwako, na mkataba useme wazi kwamba ni ya kurudishwa iwapo mkaguzi wa vyombo atakuta ubovu mkubwa ambao hukuutaja. Gharama za mkaguzi na za kupandisha boti ni za mnunuzi. Matundu na mikwaruzo itakayoachwa na ukaguzi nayo mkubaliane mapema ni nani atakayeiziba. Mpe mkaguzi daftari lako, mfuko wa skrubu na orodha ya ngama kabla hajaanza, naye akikuta mambo yako kama ulivyoyaandika, hata ubovu mmoja uliokupita hautavunja biashara.

Hati ya mauzo itaje chombo kwa namba yake, injini kwa namba yake, na maneno kwamba kinauzwa katika hali kilivyo, kikiwa huru na madeni na rehani. Ijulikane pia boti ni ya nani kati ya saa fedha zinapoingia na saa kamba inapofunguliwa, kwa sababu vyombo vya mbao vina tabia ya kuzama usiku. Siku hiyohiyo peleka taarifa kwa msajili kwamba umiliki umehama, usitishe bima yako, na ukae na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana mnunuzi akiiacha boti izame kwenye boya mwaka ujao, mamlaka ya bandari itakayotaka mabaki yaondolewe itamtafuta yule ambaye jina lake bado limo rejestani.