Somo: Dai lako la ujenzi lina siku 28 tu

Madai mengi ya makandarasi hufia saiti, hayafiki hata kwa msuluhishi. Kwenye barabara moja ya changarawe tulisimama siku 19 tukisubiri michoro ya kalavati. Mhandisi msimamizi akatuambia, "Msijali, tutaliweka sawa mbele ya safari." Hakuna aliyeandika. Barua yetu ilitoka siku ya 41, ikajibiwa kwa mstari mmoja: mmechelewa. Mpaka leo inaniuma.

Nafuata kitabu chekundu cha 1999 cha FIDIC, yaani masharti ya mkataba wa ujenzi ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Vifungu ninavyotaja ni vya kitabu hicho. Soma pia masharti maalumu ya mkataba wako, maana siku huweza kubadilishwa humo.

Hatua ya kwanza, taarifa. Kifungu 20.1 kinakupa siku 28 tangu ulipojua tatizo, au ulipopaswa kulijua. Usisubiri hesabu. Andika hivi: "Kwa kifungu 20.1, tunakujulisha kuwa tangu tarehe 3 Machi hatujapata michoro ya kalavati ya kilomita 12+400. Tunakusudia kudai muda wa nyongeza na gharama." Ipeleke kwa mhandisi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo utabishana mwaka mzima.

Hatua ya pili, kumbukumbu. Kila jioni daftari la saiti lionyeshe mvua, greda lililosimama na saa zake, vibarua waliolipwa bila kazi. Mwakilishi wa mhandisi asaini siku hiyohiyo. Akisubiri wiki, atakuwa amesahau.

Hatua ya tatu, dai kamili lenye hesabu na vielelezo, ndani ya siku 42 zinazoanzia siku ileile uliyojua tatizo, au uliyopaswa kulijua. Mhandisi naye ana siku 42 za kulijibu.

Mkishindwana, nendeni kwenye bodi ya migogoro, jopo huru linaloteuliwa na pande zote mbili, lenye siku 84 za kuamua. Uamuzi wake mnautekeleza mara moja, hata asiyeupenda. Asiyeridhika atoe taarifa ndani ya siku 28. Akikaa kimya, umekuwa wa mwisho. Baada ya taarifa hiyo kuna siku 56 za kutafuta maelewano, ndipo usuluhishi (arbitration), ambapo msuluhishi ndiye huamua. Kwa Tanzania Bara, usuluhishi unaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya 2020.

MASWALI

Mkuu, mhandisi wetu anaagiza kazi kwa mdomo tu. Tufanyeje?

Kifungu 3.3: mwandikie kuthibitisha agizo ndani ya siku mbili za kazi. Asipokujibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi tangu aipokee, barua yako inakuwa ndiyo agizo. Wengi hawakijui kifungu hiki, na kimeokoa fedha nyingi.

Bosi anaogopa barua ya madai itamkasirisha mteja, tukose kazi nyingine.

Namwelewa kabisa. Lakini taarifa siyo kesi. Mhandisi mwenyewe anaihitaji ili ajue mapema na amshauri mteja. Mwambie bosi ampigie simu kwanza, barua ifuate siku hiyohiyo.

Hati ya malipo, aliyoidhinisha mhandisi, ina miezi mitatu haijalipwa. Niondoe mitambo?

Usiiondoe, ndugu yangu. Siku 56 za kulipa zimeshapita, kwa hiyo toa taarifa ya siku 21 chini ya kifungu 16.1. Zikiisha bila malipo, una haki ya kusimamisha kazi. Riba ya ucheleweshaji idai pia, kifungu 14.8 kinakupa bila hata taarifa rasmi.