SOMO: Kuinuka na foili upepo ukiwa mdogo (someni kabla ya kuniuliza tena)

Wakuu, tangu kusi ilipoanza kulegea swali ni moja tu: "Upepo upo, bawa limejaa, mbona siinuki?" Nimeulizwa ufukweni Shangani hapa Mtwara, nimeulizwa msibani, juzi nimeulizwa nikiwa juu ya bodaboda mpaka dereva akapunguza mwendo naye asikie jibu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Tuelewane majina kwanza. Bawa ni lile la kitambaa unaloshika mkononi. Mlingoti ni ule unaoshuka majini kutoka chini ya ubao. Pezi ni lile lililo chini ya maji, mwisho wa mlingoti. Mlingoti na mapezi yake ndiyo foili: ikipata kasi inauinua ubao juu ya maji, na huko ndiko kuinuka. Kuna watu wanaviita vyote "wingi", kwa Kiingereza cha bawa, halafu wanashangaa kwa nini wanaelekezwa vibaya.

Upepo mdogo hapa ni noti 8 hadi 12, yaani kama kilomita 15 hadi 22 kwa saa. Ukipungua hapo nenda kavue changu.

1. Vifaa. Lita za ubao zizidi kilo zako kwa kama 25 au 30. Mimi nina kilo 74, ubao wangu ni lita 105. Pezi la mbele liwe kubwa, sentimita za mraba 1,700 kwenda juu. Bawa mita za mraba 6 au zaidi.

2. Kina. Mlingoti wangu una sentimita 85, kwa hiyo sianzi mpaka maji yafike kifuani. Bamvua la huku, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanashuka takriban mita 3. Pale ulipoelea alfajiri, saa nne asubuhi ni matumbawe makavu.

3. Jaza bawa likaze. Bawa legelege linakunjika unapolivuta, na nguvu yako yote inaishia kwenye mkunjo.

4. Panda, piga magoti, simama. Kama hili bado linakushinda, somo hili si lako. Rudi wiki mbili zijazo.

5. Uelekeo. Upepo uupokee ubavuni, kisha uelekeze pua ya ubao chini ya upepo kidogo. Kidogo, si kugeuka kabisa uende nao. Wengi mnaanza kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, palepale kwa kuogopa kupelekwa mbali. Kubisha ni kazi ya mtu aliyekwisha kuinuka.

6. Kasi kwanza. Mguu wa mbele uwe mzito, ubao ulale sawasawa juu ya maji. Nyoosha mikono, chota upepo kwa bawa, ulivute kuja chini na nyuma, mkono wa nyuma ukifanya kazi kubwa. Liachie lirudi. Mara tatu, nne, tano. Miguu bado imetulia. Sikiliza sauti chini ya ubao: mwanzo maji yanapigapiga, paa, paa, paa, halafu yanageuka kuwa mchirizo mmoja mrefu. Ukiusikia mchirizo ndipo unaingia hatua ya 7. Usipousikia usiingie.

7. Pampu ya miguu. Hapa ndipo nilipopoteza karibu msimu mzima.

Nilikuwa naamini ubao unainuliwa kwa mguu wa nyuma. Nikisimama tu, nakandamiza nyuma kwa nguvu zote. Pua inapanda juu, mkia unazama, maji yanachafuka nyuma yangu, sisogei. Nakandamiza zaidi. Nikamwomba kijana mmoja anirekodi kwa simu pale Mikindani. Kwenye video nilionekana kama bata anayejaribu kupanda ngazi. Na si mimi peke yangu niliyejiona. Mzee mmoja alikuwa anapita na ngalawa yake, tanga limekufa nusu, lakini anakwenda. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanitazama nikianguka mara mbili, akasema: "Mwanangu, chombo chako kinataka kwenda, wewe ndiye unakizuia." Akapita. Hajawahi kushika foili maishani mwake.

Alichokiona ni hiki. Pezi linainua kwa sababu maji yanapita juu yake kwa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua inakuwa mara nne. Ukiinua pua kabla ya kasi, pezi linasimama kama mkono uliozuia mlango, maji yanaachana na mgongo wake, na badala ya kuinua linakuwa breki. Kadiri unavyokandamiza ndivyo breki inavyokaza.

Pampu sahihi ina sehemu mbili. Kanyaga kwa miguu yote miwili, magoti yakijikunja kidogo, nyuma pazidi mbele kwa kiasi kidogo tu. Halafu jifanye mwepesi: nyonga zipande, magoti yafunguke, kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Ubao unapanda pale unapokuwa mwepesi, haupandi pale unapokanyaga. Hili nilikaa miezi bila kulijua.

Sasa unganisha na bawa. Umewaona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda. Ndivyo ilivyo: miguu inapokanyaga, bawa linarudi mbele, bawa linapovutwa, mwili unakuwa mwepesi. Ukivuta bawa huku unakanyaga, michi imegongana.

Tahadhari za hatua hii:
– Pampu tatu au nne ndefu, si kumi fupi za haraka. Ukizidisha sita bila kuinuka, acha, rudi hatua ya 6.
– Mguu wa nyuma ukae juu ya mlingoti au mbele yake kidogo. Ukikaa nyuma sana utarudia ubata wangu.
– Ubao ukiachana na maji, hapohapo hamishia uzito mguu wa mbele. Usipofanya hivyo pezi litatoka nje ya maji na utaanguka juu yake. Goti langu la kushoto lina alama ya nyuzi nne.
– Ukiona kiwimbi kinakuja kwa nyuma, pampu ya kwanza uipige kikiwa chini ya mkia. Kitakusaidia bure.

8. Ukishakuwa juu, usishangilie. Pampu mbili ndogo za kushika kasi, halafu taratibu upandishe pua kuelekea upepo. Sasa upepo unaoujenga kwa mwendo wako unaongezeka juu ya ule uliopo, bawa litakuwa zito kuliko ulivyotarajia.

9. Kuanguka: jirushe pembeni, mbali na pezi. Vaa kofia ngumu.

10. Upepo wa umande, ule wa alfajiri unaotoka nchi kavu, unavutia kwa sababu maji yanakuwa kama kioo. Huo unasukuma baharini. Ukifa katikati, na huwa unakufa jua likipanda, uko peke yako na mkondo. Mimi huufanyia mazoezi ndani ya ghuba ya Mikindani tu, na nikiwa na mtu ufukweni.

MASWALI

Kipepeo wa Ligula: Mkuu somo refu sana, fupisha. Nifanye nini niinuke?

Jibu: Hatua ya 6 halafu ya 7. Nimeshafupisha.

Baharia Mpya: Nina kilo 95. Nimepata ubao used kutoka Paje, lita 75, bei ya kutupa. Nitainuka kwa noti 10?

Jibu: Hatua ya 1 umeiruka. Ubao huo utazama na wewe kabla hujasimama. Bei ya kutupa ilikuwa na sababu.

Baharia Mpya: Lakini muuzaji alisema unafaa wote.

Jibu: Muuzaji si atakayekuwa majini.

Mzaliwa wa Naliendele: Mimi nimeona video mtu ana bawa la mita 4, upepo huohuo mdogo, anainuka kwa pampu mbili. Kwa hiyo hili la mita 6 ni la kututisha tu?

Jibu: Huyo anajua kupampu kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Kuna watu wanainuka bila bawa kabisa, wanaruka na ubao kutoka gatini na kupampu kwa miguu tu. Sijasema haiwezekani. Nimesema nimeandika kwa ajili ya wanaouliza kwa nini hawainuki. Wewe unainuka?

Mzaliwa wa Naliendele: Bado.

Jibu: Haya.

Mjukuu wa Nahodha: Samahani mkuu, swali langu labda la kijinga. Babu yangu wa Msimbati upepo ukiwa mdogo hakuwa anatoka mpaka maji yageuke. Alisema "mkondo unakuletea upepo". Je, kwa foili ina maana yoyote?

Jibu: Si la kijinga hata kidogo, na babu yako alikuwa sahihi. Chukua upepo wa noti 8. Mkondo ukikubeba kwenda kule upepo unakotoka, kwa noti 2, usoni kwako unahisi noti 10. Mkondo huohuo ukikubeba kwenda na upepo, unahisi noti 6. Upepo ni mmoja, lakini siku moja umeinuka na siku nyingine umekaa. Ndiyo maana watu wawili wanabishana kuhusu pwani moja na wote wanasema kweli. Siku za bamvua mkondo ni mkali kuliko siku za maji mafu, kwa hiyo tofauti inaonekana zaidi. Na ziada nyingine: mkondo ukipingana na upepo, viwimbi vinakuwa vifupi na vinasimama, vinasaidia ile pampu ya kwanza. Ila usiende kujaribu kwenye mlango wa ghuba ya Mikindani maji yakiwa yanatoka. Pale pembamba, maji yanavuta, ukianguka yatakutoa nje na bawa lako mkononi. Muulize babu, kama yupo, alikuwa anasoma nini kujua maji yamegeuka. Mimi natazama mashua zilizotia nanga zinavyozunguka.

Mjukuu wa Nahodha: Yupo. Anasema anatazama majani ya bahari yanavyolala chini. Na anauliza hicho chombo kinabeba samaki kilo ngapi.

Jibu: Mwambie shikamoo. Na mwambie hakibebi hata dagaa.

Mama Foili: Naomba kuongeza kwa akina dada. Mikono yangu ilikuwa inachoka kwenye pampu ya tatu. Nilikuwa navuta kwa viwiko. Nikaanza kuvuta mikono ikiwa karibu imenyooka, nguvu ikitoka mgongoni na kwenye nyonga. Sasa napampu saa nzima.

Jibu: Hii naikubali, na akina kaka waisome pia. Nitaiingiza hatua ya 6.

Fundi Cherehani: Bawa langu puto la ndani limetoboka. Nimebandika kwa gundi ya tyubu za baiskeli, linavuja tena siku ya pili.

Jibu: Nililifanya kosa hilo. Tyubu ya baiskeli ni mpira, puto la bawa ni plastiki laini, gundi ile haishiki vizuri. Tafuta viraka vya TPU, yaani vya plastiki laini ileile, vyenye gundi yake, safisha kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Na msiache bawa lililojaa kwenye jua la saa saba, hewa inatanuka ndani na mishono inaachia.

Kipepeo wa Ligula: Mkuu, skrubu za mlingoti wangu zimegoma kufunguka. Nitumie nyundo?

Jibu: Usitumie nyundo. Mlingoti ni alumini, skrubu ni chuma kisichoshika kutu, na maji ya chumvi katikati yanaila alumini na kuvigandisha pamoja. Mwagia mafuta ya kulegeza, acha usiku kucha, asubuhi jaribu kwa ufunguo unaokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Zikitoka, kuanzia siku hiyo zifungue kila ukitoka majini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, paka grisi.

Kipepeo wa Ligula: Kila siku?

Jibu: Kila siku.

Kipepeo wa Ligula: Sawa. Na leo jioni upepo vipi huko Shangani?

Jibu: Majani ya minazi yanacheza ncha tu. Maji yanajaa mpaka saa kumi na moja. Natoka na lile la mita 6. Ukija, njoo na grisi.